Mtoto wa Miaka 12

Tangu Januari 2023 hapa Kenya mtoto akimaliza gredi ya sita huingia sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa. Wengi hawahami hata uwanja; wanasoma pale pale walipokuwa wakisoma shule ya msingi. Shuleni anaitwa mwanafunzi wa sekondari. Jioni nyumbani anatumwa maji na kuambiwa anyamaze, wakubwa wanazungumza.

Umri wao ni kama miaka 12, na ndio aliokuwa nao Bwana Yesu katika Luka sura ya 2. Baada ya Pasaka alibaki Yerusalemu. Wazazi wake walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Siku ya tatu wakamkuta hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wala wazee wale hawakumfukuza.

Wako naye ana maswali. Akiosha vyombo anawaza: nyanya aliombewa kanisani, mbona akafa? Sisi humwuliza amepata alama ngapi, basi. Siku akiuliza lake, ukamwambia, “Hayo si ya watoto,” atanyamaza. Mwakani hatakuuliza wewe. Atatafuta mwingine wa kumjibu, nawe hutamjua ni nani.

Mariamu alipomwuliza mwanawe sababu, alijibiwa kwa swali, naye hakulielewa. Hata hivyo, Luka asema aliyaweka hayo yote moyoni. Na kijana akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii.