Nuru ya Bustani na Haki ya Jirani

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo, umeme ulikatika karibu nchi nzima. Nyumba za Yamumbi, kitongoji kilicho pembezoni mwa mji wa Eldoret, zikazama gizani kwa pamoja. Sisi tulitoka uani tukiwa na matumaini, kwa kuwa miaka mitatu kabla tulikuwa tumeweka taa za sola bustanini kwa ajili ya usiku kama ule. Tukakuta taa zote nane zimekwisha kuzimika. Alfajiri yake bibi yetu alitoka kwenda kutawadha kwenye bomba la nje, akakosea kidato cha ngazi, akaanguka na kuteguka mkono.

Alhamdulillahi, mkono ulipona. Lakini aibu ilitubakia, kwani taa ziliwekwa kwa ajili yake kwanza, na siku ya haja hazikumfaa. Tumeona tuwaandikie dada zetu na familia zenye taa kama hizo, kwa sababu makosa tuliyoyafanya ni ya wengi. Tena, katika kuyarekebisha tulijifunza jambo ambalo hatukulitafuta: kwamba ndani ya nuru ya nyumba mna haki ya jirani.

Tulivyokosea

Sisi ni watu wa Pwani, tuliopandishwa bara na riziki. Tulipohamia huku tulipanda mrehani, mchaichai na asumini, ingawa asumini huona taabu na baridi ya mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Taa nne za kwanza zilitosha. Kisha tukaongeza moja kwa ajili ya Idi, nyingine penye maua, nyingine mbili kwa sababu tu ziliuzwa kwa bei nafuu. Zilipoanza kufifia, tukanunua betri kubwa zaidi, nayo ikafa kabla ya mwaka kutimia. Tukamlaumu aliyetuuzia.

Fundi tuliyemwita baada ya bibi kuanguka alikuwa binti wa mtaani aliyesomea umeme. Hakuanza na bisibisi. Aliomba karatasi na kalamu. Taa nane za wati 5 ni wati 40. Huku karibu na mstari wa ikweta usiku ni wa saa 12 mwaka mzima, hivyo kila usiku tulikuwa tukidai wati-saa 480. Paneli yetu ilikuwa ya wati 50. Siku ya jua jema hupata takriban saa tano za jua kamili, yaani wati-saa 250, na ukitoa zinazopotea njiani, hazifiki 200 zinazoingia katika betri. Siku ya mawingu mazito, alikadiria, ni 80 tu.

“Mmeweka mtungi mkubwa chini ya bomba linalodondoka,” akatuambia. “Mtungi haujai, na kila usiku mnaukwangua hadi chini.”

Betri ya asidi na risasi haipendi kukaushwa kupita nusu yake. Ikiachwa na njaa siku baada ya siku, sahani zake za ndani hushika ukoko mgumu, na uwezo wake hupungua mpaka isishike chaji kabisa. Nasi tulikuwa tumesahau kwamba mvua za huku si za kwetu. Pwani masika hukolea Aprili na Mei. Uasin Gishu mvua na mawingu huendelea hata Agosti na Septemba. Tulinunua kwa kuliangalia jua la Januari, tukaishi chini ya wingu la Agosti.

Kupunguza kabla ya kuongeza

Tulidhani atatuambia tununue paneli ya pili. Badala yake alituuliza: ni wapi mguu wa mtu hupita usiku? Tukatembea naye uani baada ya Isha. Tukahesabu mahali patano: ngazi, bomba la kutawadhia, njia ya choo cha nje, pembe ya banda la kuku, na lango. Maua hayakuhitaji taa. Usiku ni wakati wao wa kulala. Hapo tulikumbuka yale tunayowafundisha watoto kuhusu israfu katika maji ya udhu, tukaona kwamba mwanga nao una israfu yake.

Taa nane zikawa tano, za wati 3 kila moja. Mbili, ya ngazi na ya bomba, huwaka usiku kucha. Tatu huwaka mtu apitapo tu, kisha hujizima. Jumla ya usiku mzima ni kama wati-saa 81, yaani karibu sawasawa na kile ambacho paneli ile ile kuukuu hukipata siku ya mawingu. Paneli ikabaki. Alichofanya fundi ni kukata tawi la mparachichi lililoitia kivuli alasiri, kwani kivuli kidogo tu juu ya paneli hupunguza sana umeme wake. Kisha akailaza kwa mwinamo mdogo ili mvua iioshe.

Fedha zetu zilikwenda kwenye betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20. Hii huweza kutumika hadi asilimia 80 bila madhara, hivyo hata jua likikosekana kabisa, tuna akiba ya usiku wa siku mbili. Ilibidi pia kubadilisha kidhibiti cha chaji, kwa sababu kile cha zamani kilifanyiwa betri ya asidi na hakikuwa na mpangilio wa lithiamu. Waya wa lango, ulio mrefu kuliko zote, ukawekwa mnene zaidi, maana waya mwembamba hula umeme njiani. Fyuzi ikawekwa karibu kabisa na betri, ili waya ukiguswa na jembe pasitokee moto.

Dirisha la jirani

Fundi akiwa juu ya ngazi, alitazama upande wa pili wa ua akauliza ni nani alalaye kwenye chumba kile. Hatukuwa tumewahi kujiuliza. Taa yetu ya zamani, nyeupe na kali, ilikuwa imeelekea moja kwa moja dirisha la watoto wa jirani. Tulikwenda kumtaka radhi. Tukamuuliza, “Mama, mbona hukutuambia miaka yote hii?”

Akajibu, “Ningewaombaje mzime taa? Januari 2008 nilikuwa hapa hapa. Tangu siku zile giza silipendi.”

Msomaji wa Pwani huenda asijue. Yamumbi ni miongoni mwa vitongoji vya Eldoret vilivyoumizwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007; nyumba zilichomwa na watu wakakimbia makwao. Mama yule alitundika mapazia mawili dirishani akanyamaza, kwa kuwa kwake mwanga unaoudhi ulikuwa bora kuliko giza. Tulirudi kimya. Taa mpya zikafungwa chini, usawa wa goti, zikielekea ardhini, za rangi ya manjano ya kipole ambayo haiwaiti wadudu sana. Na taa ya lango tukaisogeza hatua chache, imulike njia tunayoishiriki sisi na yeye.

Betri kuukuu iende wapi?

Zilibaki betri mbili zilizokufa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika langoni akatoa bei, akasema atazipasua mwenyewe atoe risasi. Tulikaribia kukubali, ndipo tukakumbuka Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa.

Palikuwapo kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi ya watu, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga, aliyekuwa akimnyonyesha, ana sumu ya risasi mwilini. Alipigania wakazi, akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani ndefu, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya hawajaona kiwango chake kisichodhuru.

Je, bustani yetu iangaze kwa gharama ya mtoto wa mwenzetu? Betri zilikaa kivulini, zikiwa wima, mbali na watoto, hadi duka tulikonunua ile mpya lilipozipokea ili zipelekwe kwa wenye leseni ya NEMA. Tunawasihi dada zetu: msiipasue betri nyumbani, msimwage asidi yake shambani, wala msimuuzie mtu msiyejua ataifanya nini.

Kabla ya kununua chochote, tembeeni uani usiku na mhesabu hatua zenu. Andikeni wati na saa. Pimeni kwa siku ya mawingu. Kisha simameni upande wa jirani mtazame taa zenu kutoka huko.

Mvua za Agosti zimepita tena, na taa ya bomba haikuzimika hata alfajiri moja. Bibi hutawadha bila kushikwa mkono. Na binti wa jirani anapochelewa kutoka kazini, taa ya lango huwaka apitapo, nasi tulio ndani tukauona mwanga huo tunajua kwamba amefika salama.