Namba Yako Imehifadhiwa kwa Jina Gani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye karne ya 19, misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipokuwa ikifungasha mizigo Pangani kwa mali ya mkopo. Mwenye msafara mara nyingi hakuwa na fedha. Alikuwa na watu wa kumdhamini. Mfadhili wa Kihindi pale mjini alimkopesha nguo na shanga kwa kuwa anamjua, naye mfadhili aliaminiwa na tajiri wa Unguja kwa sababu hiyo hiyo. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu miji ya mrima, Pangani ikiwa mfano wake mkubwa, ameonyesha kwamba hata karamu na ngoma zilikuwamo katika hesabu: aliyelisha watu alipata jina, na jina lilivuta wafuasi na mikopo. Tusisahau kwamba njia hizo hizo za kuaminiana zilipitisha pembe za ndovu na binadamu waliouzwa. Kujuana ni nguvu, na nguvu haichagui mtumiaji.

Leo tuvuke Mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, tushike njia ya kusini mpaka Ushongo. Hapa watu wanaishi kwa uvuvi, minazi, hoteli ndogo za ufukweni, na boti zinazopeleka wageni kwenye fungu la Maziwe au kuwavusha hadi Unguja. Karibu kila kazi ina mteja aliye mbali. Samaki mzuri anatafutwa Tanga mjini, na mgeni anatoka Dar es Salaam, Arusha au Ulaya. Mtu wa namna hii akisikia kwamba simu inaleta wateja, ana kila sababu ya kuamini.

Na ushahidi upo. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa sadini wa Kerala, India, walioanza kupata simu za mkononi kati ya 1997 na 2001. Kabla ya hapo, boti ziliweza kurundikana kwenye pwani moja hadi samaki wakamwagwa, huku kilomita chache kutoka hapo wanunuzi wakirudi mikono mitupu. Simu zilipoingia, nahodha akiwa bado baharini alipiga, akauliza bei, akageuza chombo kwenda kwenye soko lenye bei nzuri. Umwagaji ulikoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Nautaja utafiti huu kwa sababu mara nyingi husomwa nusu. Kujua bei ya Tanga kunamfaa mvuvi aliye huru kuuza Tanga. Katika pwani yetu wapo wengi wasio huru hivyo. Nyavu zimenunuliwa na tajiri, mashine amekopesha yeye, na mwezi ule wa Kusi kali bahari ilipochafuka ni yeye aliyetoa unga na fedha ya hospitali. Mvuvi huyo anaiona bei ya soko la samaki la Deep Sea, Tanga, kwenye kioo cha simu, kisha anampelekea tajiri wake samaki kwa bei ya tajiri. Huyo si mjinga. Anajua kwamba mnunuzi wa kwenye simu hatakuja msibani. Anayetaka kumsaidia ampatie mnunuzi wa pili anayeweza kuaminiwa, na mtu huyo hapatikani kwa bando peke yake.

Hata WhatsApp yenyewe, ukiichunguza, imejengwa kwa namna inayowapendelea watu waliokwisha kufahamiana. Ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya matangazo, ambayo mwisho wake ni watu 256, utawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Stetasi nayo haionekani mpaka wewe uwe na namba ya mwenzako naye awe na yako. Unaweza kuposti picha ya pweza aliyetoka majini asubuhi hiyo, na mwenye hoteli anayemhitaji asiione kamwe, kwa kuwa siku mliyoonana alikupigia bila kukuhifadhi. Instagram na Facebook zina mlango mpana zaidi, na kwa hoteli ni dirisha zuri la kuonyesha ufukwe. Lakini mgeni akishaiona picha, maongezi ya bei na tarehe huhamia WhatsApp, na hapo tunarudi kwenye swali la nani ana namba ya nani.

Tena kuna jina. Waswahili hatuhifadhi namba kwa majina ya kwenye vitambulisho. Tunaandika Nahodha Ushongo, Mama Samaki Bweni, Fundi Mashine Pangani. Kibao chako cha biashara kipo ndani ya simu za watu, na wameandika wao. Kwa hiyo unapompa mtu namba yako, mwambie mara moja aandike nini, kazi na mahali, halafu mpigie papo hapo ili nawe ubaki na yake. Ni jambo dogo, lakini nimewaona wafanyabiashara wazito wakilipuuza.

Ni nani basi wa kumpa namba? Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza alichokiona kwa watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Ni asilimia 17 tu hivi waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake inaeleweka hata Ushongo: jirani yako anajua unayoyajua, anavua unapovua, anauza unapouza. Habari mpya iko kwa dereva anayepeleka nazi Dar es Salaam, kwa mwalimu aliyehamia kutoka Muheza, kwa mpishi aliyewahi kufanya kazi Nungwi.

Watu hao wote hukutana mahali pamoja, kivukoni. Pale kwenye foleni, mchuuzi mwenye ndoo za barafu anasimama karibu na mwenye hoteli, na hakuna wa kumharakisha mwingine. Daraja la Pangani, sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, litaondoa usumbufu wa foleni hiyo, na hakuna mgonjwa wala mjamzito atakayeukumbuka. Ila litaondoa pia baraza hilo la bure, na sijasikia yeyote akilizungumza.

Mfano wa nguvu ya kujuana ninaoupenda zaidi unatoka kwa kasa. Maziwe zamani ilikuwa na miti. Leo ni mchanga unaofunikwa na maji makuu, na mayai ya kasa yakibaki huko yataharibika. Kwa hiyo wahifadhi wa shirika la Sea Sense na wenyeji huyahamishia Ushongo. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, kwa hiyo siku inaweza kukadiriwa, na hotelini mgeni anaweza kuambiwa abaki usiku mmoja zaidi. Video ya vitoto vikikimbilia bahari itazunguka dunia baadaye. Kinachomfikisha mgeni ufukweni kwa wakati ni mlinda viota na mtu wa mapokezi kuwa na namba ya mwenzake na kupokea simu.

Kwa upande wa ubaya wa simu, sina haja ya kusema mengi. Nchi nzima inaujua ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwa sababu yake mteja wa mbali anakuwa mgumu kutuma kianzio, na hana kosa. Dawa inayofanya kazi ni ya watu wa misafara: mtu wa tatu anayewajua wote wawili, atakayeandika neno moja, "namfahamu". Na magrupu ya kamati za harusi yaachwe kwa harusi. Tangazo la changu katikati ya michango huwachukiza walewale unaotaka wakununue.

Manahodha, wavuvi na wenye hoteli za Ushongo wana miezi ya masika, Aprili na Mei, ambapo wageni ni wachache. Huo ndio wakati wa kuketi pamoja, kupatana bei za boti na samaki, na kubadilishana namba mbele ya mashahidi. Sehemu ya tatu itahusu kianzio: ni kiasi gani, kinashikwa na nani, na kinarudishwaje bahari ikichafuka.