Baridi ya Usiku Gisenyi na Mpango wa Samani Nyumbani

Mgeni hudhani kuwa mji ulio kando ya Ziwa Kivu, karibu na ikweta, hauwezi kuwa na baridi. Askari aliyeshika lindo la usiku hapa Gisenyi mwezi wa Julai hahitaji kusimuliwa. Mji uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake imesimama milima ya moto: Nyiragongo yenye mita 3,470 na Karisimbi yenye mita 4,507. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, usiku usio na mawingu huacha joto la mchana lipae, na hewa iliyopoa milimani huteremka kuelekea ziwani. Hiyo ndiyo inayopenya chini ya milango yetu.

Wengi wetu tunaishi katika vyumba vichache vyenye sakafu ya saruji na paa la mabati. Samani zetu ni chache pia, jambo ambalo hapa ni faida, kwani huhamishika kwa nusu saa.

Tuanze na kitanda. Kisiwekwe chini ya dirisha linalotazama milimani, wala kisigusane na ukuta wa nje, maana ukuta baridi huunyonya mwili joto hata kama hakuna upepo. Mahali pake ni kwenye ukuta wa ndani, hasa ule unaopakana na jiko. Kabati na masanduku ya bati ndiyo yakae kwenye ukuta wa nje, yakiachiwa nafasi ya vidole vinne ili nguo zisiote ukungu. Lakini ukuta wa kaskazini usizibwe: miezi hiyo jua hupita upande huo, na ukuta wa mawe au wa matofali ya rukarakara hutunza joto lake hadi usiku. Sakafuni mkeka unatosha. Zulia ni la mwenye nacho. Pazia lifunguliwe mchana na lifungwe kabla jua halijazama.

Haya yote yana sababu kubwa kuliko starehe. Nyumba isiyopangwa vema humshawishi mwenyewe kuingiza jiko la makaa chumbani, kufunga mlango na kulala. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu angali usingizini. Wakazi wa upande wa Goma na Sake wanaijua mazuku, hewa ya volkano inayotuama mabondeni. Wapo wanaodhani kuwa hii ya jiko ni sawa na hiyo, na kwamba kitanda kirefu kitawaokoa. Sivyo. Hewa ya jiko huchanganyika na hewa ya chumba chote, kutoka sakafuni hadi darini, na makaa yaliyofunikwa majivu huendelea kuitoa.

Basi jiko litolewe nje kabla ya kulala, na matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yasizibwe kwa matambara, hata baridi ikizidi. Anayeumwa kichwa, anayeona kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya chumba chenye makaa atoke mara moja. Akikutwa amezimia, mlango ufunguliwe, abebwe hadi penye hewa safi, kisha apelekwe Hospitali ya Gisenyi bila kungoja apate nafuu.