Sura ya Mhusika: Nani Anayetazama?

Wanafunzi wengi wakiulizwa sifa za mhusika hukimbilia sura yake: ana macho ya hila, basi si mwaminifu. Husahau kuuliza ni nani anayemtazama. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde yatosha mtu kukata kauli kuhusu uaminifu wa uso asioujua. Akiongezewa muda, aghalabu huzidi kujiamini tu. Ila wepesi wa kauli si usahihi wake.

Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere (1969), Portia hahitaji hata muda huo. Anamkataa mwana wa mfalme wa Moroko kwa rangi yake kabla hajamwona, hata angekuwa na tabia ya mtakatifu. Mgeni anaomba asichukiwe kwa rangi. Kisha (hapa ndipo darasa langu hugawanyika) yeye mwenyewe anachagua kasha la dhahabu, akiamini kuwa picha ya binti mzuri haiwezi kutiwa ndani ya risasi duni. Anakuta fuvu. Baadhi husema wametoshana nguvu. Sikubali: kasha alilipima kwa hoja ndefu, akakosea, yeye alihukumiwa angali njiani.