Je, Wajua? Antena na Kadi za Matundu

Programu nyingi ambazo waendeshaji wa redio ya ridhaa hutumia kupima antena kwenye kompyuta kabla ya kusimamisha mlingoti hutegemea NEC-2, kikokotozi cha mwaka 1981 kutoka maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, ambacho hadi leo huita kila mstari wa maelezo «kadi», kwa kuwa zamani maelezo yalitobolewa kwenye kadi za karatasi.

• Kikokotozi hicho huugawa waya katika vipande vidogo, kisha hutafuta mkondo wa umeme upitao katika kila kipande.

• NEC-2 haikokotoi waya uliofukiwa ardhini. Mwenye antena ya namna hiyo huhitaji toleo la baadaye, kama NEC-4.

• EZNEC, mojawapo ya programu hizo, iliyouzwa kwa miaka mingi, hupatikana bure tangu 2022, hivyo anayechagua programu hutazama umbo la antena kabla ya bei.