Aliuzwa utumwani, akaja kuwa daktari na mkwe wa Karema

UKIMTAJA mmisionari, wengi wetu tunapata picha moja tu: Mzungu mwenye ndevu ndefu, kanzu nyeupe na rozari shingoni. Mke hana, wakwe hana, watoto wa kumdai ada ya shule hana. Leo nakuletea mmisionari wa aina nyingine kabisa. Huyu ni Mwafrika, mlei, mwenye mke na wakwe kama wewe na mimi.

Jina lake Adrian Atiman. Kama umewahi kufika Sumbawanga, huenda umeliona jina hilo kwenye hospitali: Dk. Atiman. Lakini ukiwauliza wanaopita pale huyu Atiman alikuwa nani, wengi watabaki wanatazamana. Basi vuta kiti, maana kisa chenyewe kinaanzia mbali.

Kutoka Niger hadi Malta

Alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alikamatwa na wawinda watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa Algeria. Huko ndiko walikomkuta White Fathers, mapadri wa Kardinali Lavigerie. Wakamkomboa kwa fedha, wakamsomesha.

Kardinali alikuwa na hesabu zake. Aliamini kuwa Mwafrika atamsikiliza zaidi Mwafrika mwenzake, hasa akija na dawa mkononi. Ndipo mwaka 1881 akaanzisha chuo kisiwani Malta, ambako vijana waliokombolewa utumwani walisomea udaktari na ukatekista. Upadri haukuwamo katika mpango huo. Vijana hao walitakiwa waoe, wajenge na waishi na watu.

Mwaka 1888 safari ikaiva. Atiman akapanda meli hadi Zanzibar, kisha akaingia bara na msafara, kwa miguu. Mwaka 1889 akafika Karema, ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, penye ngome iliyojengwa na Wabelgiji na kukabidhiwa kwa mapadri mwaka 1885.

Hakuna aliyemuuliza

Hapa, ndugu msomaji, ndipo kisa kinaponigusa. Hebu jiweke mahali pake. Una miaka kama 23. Hukurudishwa kwenu Niger, umeletwa mahali ambapo humjui mtu, na lugha huijui. Ukweli usemwe: safari ya kwanza ya maisha yake iliamuliwa na waliomuuza, na hii ya pili wakaiamua waliomkomboa. Je, yeye mwenyewe aliamua nini?

Aliamua kubaki. Tena hakubaki kama mpangaji. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Wakapata mtoto, Joseph, ambaye baadaye akawa padri.

Wewe ukidhani ndoa hiyo ni jambo dogo, fikiri tena. Padri akiletewa barua ya uhamisho, anafunga virago na kuondoka. Lakini ukishaoa kijijini, mgonjwa anayekugongea mlango usiku wa manane si mgonjwa tu. Ni shemeji yako, au mtoto wa mjomba wa mkeo. Utamwambia nini, kwamba leo umechoka?

Atiman alitibu, alipasua na alifundisha dini. Dawa za miti shamba za wenyeji hakuzidharau. Alijifunza kwao, akazitumia pamoja na dawa zake za Kizungu. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, aliyoieleza mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Miaka 67

Siku hizi walei wamisionari huja kwa mkataba. Wale wa Maryknoll wa Marekani, kwa mfano, walioanza mwaka 1975, mkataba wao wa kwanza huwa ni miaka mitatu na nusu. Si haba, na wapo wanaoongeza. Lakini Atiman alikaa Karema miaka 67. Mjerumani alikuja akaondoka, akaja Mwingereza, na mzee yupo pale pale anafunga vidonda.

Alifia huko Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90, miaka mitano tu kabla ya Tanganyika kupata Uhuru.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika mpaka mwisho. Kwa hiyo siku ukipita Sumbawanga na kuliona jina lile langoni, mnong'oneze mwenzako: mwenye jina hili aliletwa huku bila kuulizwa, lakini kubaki alichagua mwenyewe.