Je, Wajua? Kadi Inayoinuka kwa Ajili ya Baba

Ikiwa ndani ya bahasha, kadi hii ni bapa tu. Baba akiifungua, picha iliyolala katikati husimama: nyumba, mti, au ng'ombe mwenye pembe ndefu. Kadi ya dukani imeandikiwa akina baba wote. Hii huandikiwa mmoja, anayejulikana kwa jina na kwa kazi zake. Mtoto wa mtaa wa Ruti, pale Mbarara, au wa kijiji chochote cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale anaweza kuitengeneza kwa karatasi chache, mkasi, rula na gundi.

Je, wajua kuwa vitabu vyenye sehemu zinazosogea vilianza kwa wasomi?
Katika karne ya 13, mtawa Mwingereza Matthew Paris aliweka kitabuni mwake visahani vya kuzungushwa kwa kidole, vya kukokotolea tarehe za sikukuu za Kanisa. Mwaka 1543, tabibu Andreas Vesalius alichapisha picha za mwili wa mwanadamu ambazo msomaji alizikata na kuzipandanisha, kisha akawa anafunua kiungo kimoja baada ya kingine. Watoto walisubiri hadi miaka ya 1760, Robert Sayer wa London alipoanza kuwauzia vijitabu vya picha za kufunua.

Je, wajua kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa iliuzwa kwa shilingi moja?
Ilikuwa Uingereza, mwaka 1843. Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley achore familia iliyokaa mezani. Shilingi moja ya wakati ule ilikuwa fedha nyingi kwa kibarua, kwa hiyo kadi ilibaki kuwa kitu cha wenye nacho. Anayejitengenezea mwenyewe hulipa kwa muda wake, na huo muda ndio baba atakaouona.

Je, wajua kuwa picha husimama bila springi yoyote?
Nguvu yote hutoka kwenye mikono ya anayefungua. Kazi ya fundi ni kupanga mikunjo. Kunja karatasi ya A4 katikati, upate upana wa sm 14.8. Kuanzia kwenye mkunjo, kata mistari miwili sambamba, kila mmoja sm 4, iachane kwa sm 3. Kunja kipande kilicho kati ya mistari hiyo mbele na nyuma, fungua kadi, kisha kisukume kipande kiingie ndani. Utapata kisanduku. Bandika picha kwenye uso wake wa mbele, ukianzia chini kabisa.

Picha isizidi sm 10 kwenda juu. Kadi ikifungwa, sm 4 za kisanduku hujumlishwa na sm 10 za picha kuwa 14, nayo karatasi ina 14.8 tu. Ukizidisha, kichwa cha picha kitachungulia nje na baba atajua siri kabla hajafungua. Mwisho, gundisha karatasi ya pili kwa nyuma iwe jalada, ila kisanduku usikitie gundi.

Je, wajua kuwa pembe za ng'ombe wa Ankole zinaweza kupita mita 2 kutoka ncha hadi ncha?
Ng'ombe huyu ndiye fahari ya Mbarara, hata mjini amesimamishiwa sanamu. Kwenye kadi anafaa kuliko wote. Chora kichwa na pembe zake kwenye karatasi ngumu, ukate, kisha ukunje katikati ya paji la uso. Chini acha ndimi mbili za gundi. Bandika ulimi mmoja kila upande wa kadi, zote kwa mshazari uleule, zikae kama herufi V na ncha yake iwe juu ya mkunjo wa kadi. Baba akifungua, pembe zitatanuka kulia na kushoto. Kama baba yako alichunga ng'ombe Masisi kabla ya kukimbia Kongo, hutahitaji kuandika maneno mengi.

Je, wajua kuwa karatasi ina upande inaopenda kukunjika?
Nyuzi nyingi za karatasi ya kiwandani huelekea upande mmoja. Ipinde kidogo kwa urefu, halafu kwa upana: inapolegea zaidi ndipo nyuzi zinapoelekea, na mkunjo wa huko hutoka safi. Kwa karatasi ya manila, pitisha kwanza rula na kalamu iliyokwisha wino mahali pa kukunja. Huna gundi? Pika unga wa muhogo na maji hadi uwe uji mzito. Paka kidogo tu, maana karatasi ikilowa hukunjamana.

Je, wajua kuwa manila ya zamani ilikuwa ndugu wa mgomba?
Ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino ulio wa jamii moja na migomba ya Isingiro, wilaya ilimo Nakivale. Leo nyingi hutokana na miti. Maganda makavu ya mgomba yanafaa sana kwa paa la nyumba au shina la mti kwenye kadi. Mafunjo ya kingo za mto Rwizi nayo ni jamii ileile ambayo Wamisri waliandikia zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Yatumie kwa mapambo, usiyaweke penye mkunjo, kwa kuwa karatasi ya mafunjo hupasuka ikikunjwa.

Je, wajua kuwa watu wamewahi kuwasiliana na wazazi wao kwa maneno 25 tu?
Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Msalaba Mwekundu ulipeleka mamilioni ya ujumbe wa kifamilia wenye kikomo hicho. Mpaka leo huduma hiyo ipo kwa waliotenganishwa na vita: karatasi hubaki wazi bila kufungwa, nayo hubeba habari za kifamilia pekee. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuanzia Wanyarwanda hadi Wakongo, Warundi na Wasomali, na watoto wengi humo wana baba aliye mbali. Jaribu maneno 25 kwenye kadi yako. Yanatosha kumtaja baba, jambo moja alilokutendea, na shukrani.

Je, wajua kuwa Siku ya Akina Baba ilitokana na mjane mwanamume?
William Smart wa Marekani alifiwa na mke akabaki na watoto sita. Binti yake, Sonora Dodd, alisimamia sherehe ya kwanza mjini Spokane tarehe 19 Juni 1910. Mwaka 1972 siku hiyo, Jumapili ya tatu ya Juni, ikawekwa kwenye sheria za nchi yao.

Je, wajua kuwa siku hiyo wakati mwingine huangukia Siku ya Wakimbizi Duniani?
Siku ya Wakimbizi ni tarehe 20 Juni. Mwaka 2021 zote mbili zilikuwa Jumapili moja, na itakuwa hivyo tena mwaka 2027. Nakivale wapo wengi waliolelewa na baba mdogo, baba mkubwa, kaka au jirani aliyewashika mkono njiani. Kadi ya dukani haina nafasi ya jina la mtu huyo. Yako inayo, kwa hiyo liandike kwa herufi kubwa.